Amkeni, Tupumzike

Wapendwa, wiki hii nimepokea wageni ofisini mpaka kiti kimelegea miguu. Hawakuja kuuliza habari za ubatizo. Hawakuja kuombewa ugonjwa. Wamekuja kuniuliza mambo ya likizo. Mmoja anataka kujua lipi bora, kuwapeleka watoto pwani au kuwapeleka kijijini kwa babu yao. Mwingine anataka niiombee safari ya mbugani, maana ile ya mwaka jana iliisha watu wakiwa wamenuniana njia nzima. Wa tatu ni mama mmoja. Alikaa, akasema, "Mchungaji, niombee mume wangu aghairi." Nikamuuliza, aghairi nini? Akasema, "Chochote alichopanga."

Mnacheka. Mimi sikucheka. Kila Desemba inapokaribia napokea watu haohao na maswali hayohayo, na kila Januari narudi kuwapatanisha walewale. Nimechoka, nami nawaambia wazi kwamba nimechoka. Kwa hiyo leo nitawapa mfano, na safari hii msikilize mpaka mwisho, msikimbilie katikati mkadhani mmeelewa.

Alikuwapo baba mmoja, msimamizi wa zamu katika kiwanda cha sabuni. Nitamwita Gwamaka, na kama humu ndani kuna Gwamaka asinikunjie uso, si yeye. Kazi ya huyu bwana ilikuwa kuhakikisha mitambo haisimami na watu hawasimami. Akipita, mtu aliyekuwa ameegemea ukuta anakumbuka kwamba ana ufagio mkononi. Kazi hiyo aliiweza. Na nyumbani hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mlevi, hakumpiga mtu, na chakula hakikukosekana. Ndiyo maana habari yake inanikera. Angekuwa mtu mbaya tungemaliza mapema, tukasema amina, tukaenda kula.

Nyumbani alikuwa na mkewe, Mama Tumpe, fundi cherehani na mwimbaji wa kwaya. Walikuwa na mabinti wawili: Tumpe, aliyekuwa darasa la nne habari hii inapoanza, na Sekela, mdogo, ambaye hakuwa ameanza shule. Pia aliishi nao mama yake mzazi Gwamaka, ambaye wote pale walimwita Bibi.

Mwaka wa kwanza Gwamaka alisikia kwamba mhasibu wa kiwanda aliipeleka familia yake pwani, na wamerudi wamenawiri. Hakumuuliza mtu. Alifika nyumbani akatangaza mezani, "Desemba tunakwenda pwani," kama anavyotangaza mabadiliko ya zamu. Wakaenda. Bibi hakuwahi kuiona bahari maishani mwake. Alipoiona alisimama, akaitazama, akauliza, "Maji yote haya ni ya nani?" Kisha akaketi akiipa mgongo, na hakugeuka tena mpaka siku ya kuondoka. Gwamaka aliwaamsha wote gizani waende kuliona jua linavyochomoza. Sekela aliingiwa na mchanga machoni, akalia, na baba yake, simu ya kupigia picha mkononi, akamwambia, "Cheka basi, tumetoka mbali." Mama Tumpe alijilaza mchana kidogo tu, mumewe akamsimamia mlangoni. "Mama Tumpe, kulala si hata nyumbani kupo? Tumekuja huku kulala?"

Nawauliza ninyi, mtu akienda kupumzika akakatazwa kulala, amekwenda kufanya nini?

Walirudi wamechoka kuliko walivyokwenda. Gwamaka akakata shauri kwamba kosa ni la pwani. Joto lilizidi, na bahari haiwafai watu wa milimani. Kwa hiyo mwaka wa pili akawapeleka mbugani.

Huko mbugani niliwahi kufika, nikapapenda, kwa hiyo sisemi vibaya mbuga. Nasema habari za gari lile. Watu watano ndani ya gari, vioo vimepandishwa juu, na baba mwenye usukani anasema, "Nyamazeni, mnawafukuza wanyama." Tumpe alitaka kuwatazama ndege, kuna ndege wa buluu walikuwa wamejaa mtini. Baba yake akasema, "Ndege hata nyumbani wapo, hapa tunamtafuta simba." Bibi aliomba gari lisimame anyooshe goti. Akajibiwa, "Mama, vumilia, tunapoteza muda." Sekela akasema anataka kujisaidia. Akaambiwa asubiri wamwone simba kwanza.

Simba hakuonekana. Naomba niishie hapo kuhusu Sekela, maana yupo mtoto humu amekaa mbele ananitazama. Ninachoweza kusema ni kwamba safari ya kurudi ilikuwa na harufu, na mtoto alijificha uso kwenye kanga ya bibi yake mpaka wanafika mjini, na baba aliendesha akinung'unika peke yake, "Unawafanyia watu mambo makubwa, shukrani hakuna."

Mwaka wa tatu akasema, basi, mambo ya anasa hamyawezi, tutakwenda kijijini. Na kijijini wakaenda. Wageni walikuja, maana ndugu ni wengi na habari zilishasambaa. Mama Tumpe aliamkia moshi na kulalia moshi. Gwamaka aliketi nje na binamu zake, miguu kaitandaza, akasema kwa sauti ya kusikika jikoni, "Huku ndiko kupumzika." Mkewe alitoka na sufuria ya majivu, akamtazama, akaenda kumwaga, akarudi ndani. Hakusema neno. Ndugu zangu wanaume, mwanamke akinyamaza namna ile msishangilie.

Sasa ukaja mwaka wa nne. Tumpe alikuwa amemaliza darasa la saba. Alikuwa amepangiwa shule ya bweni ya mbali, na mwezi wa kwanza angeondoka. Kila mtu nyumbani alijua kwamba ile ni Desemba ya mwisho kabla nyumba haijapungua mtu. Gwamaka naye alijua. Nataka mlielewe hili: alimpenda yule binti. Alitaka amfanyie likizo ya kukumbukwa. Lakini safari hii alikuwa amekwama, pwani kwake imekufa, mbuga imekufa, kijiji kimekufa. Akawaita sebuleni baada ya chakula. Akasimama. Wao wameketi, yeye amesimama, kama kiwandani.

Akasema, "Nimewapeleka kila mahali. Kila mahali mnanuna. Leo nataka mniambie ninyi wenyewe. Likizo gani mliwahi kuifurahia?"

Mama Tumpe akawa anatoa uzi kwenye ukingo wa gauni lake. Bibi akatazama dirishani. Tumpe akatazama miguu yake.

"Semeni. Sijamkataza mtu kusema."

Ndipo Sekela, kwa moyo safi kabisa, akasema, "Ile ya semina."

Gwamaka akauliza, "Semina gani?"

"Ile ya Pasaka. Wewe ulipokwenda semina Tanga."

Gwamaka akacheka. Alidhani mtoto amechanganya mambo. Akamgeukia mkewe ili wacheke pamoja, akakuta mkewe hacheki. Akamtazama Tumpe, akamtazama mama yake mzazi. Hakuna aliyecheka. Akauliza taratibu, "Kwani wiki ile mlikwenda wapi?"

Mama Tumpe akasema, "Hatukwenda popote."

"Sasa mlifanya nini?"

"Hatukufanya kitu, Baba Tumpe. Tulitoa godoro tukalitandika hapa sebuleni. Tuliamka tulipoamka. Tulikula viazi na maziwa mgando kwenye sinia moja, hapo chini. Tumpe alimsuka bibi yake. Mchana nililala. Nilikuwa naimba."

"Kwani mimi nimekukataza kuimba?"

"Hujanikataza," akasema mkewe. "Unaniuliza kama nimemaliza kupika."

Wapendwa, mngekuwa ninyi mngefanya nini? Msijibu haraka. Yule bwana alitoka nje. Akachukua ndoo akaanza kuosha gari, na gari lilikuwa safi. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na kitu kingine ambacho wanaume hatupendi kukitaja. Akawa anasugua mlango mmoja tu, uleule, huku akisema, "Miaka yote hii. Miaka yote hii najitesa kwa ajili yao."

Mama yake akatoka, akichechemea na goti lake, akaketi kwenye ngazi. Gwamaka akamwambia, "Mama, umewasikia? Wewe ulinizaa. Niambie wewe, mimi ni mtu wa kuogopwa?"

Bibi akalisugua goti lake linalouma. Kisha akasema, "Nilikubeba mgongoni, mwanangu. Nilikuogesha. Siwezi kukuogopa wewe. Lakini nikisikia gari lako linaingia getini, na mimi nakunja miguu."

Sikilizeni hapo. Mama mzazi, kikongwe, ndani ya nyumba ya mwanawe, ameketi mkekani amenyoosha mguu unaouma. Akisikia gari la mwanawe, anaukunja. Hakuna aliyemwambia aukunje. Hakuna sheria. Anaukunja kwa sababu hewa ya nyumba imebadilika, mkaguzi ameingia.

Gwamaka aliweka kitambaa chini. Naamini usiku ule hakulala vizuri.

Sasa hapa ndipo wengi wenu mnaanza kufunga vitabu vyenu vya nyimbo, mnadhani mfano umekwisha, ameguswa, ametubu. Bado. Mtu hageuki kama chapati. Gwamaka aliamka na uamuzi, na uamuzi wake ulikuwa mwema, ila aliutekeleza kwa mikono ileile. Siku ya kwanza ya likizo, kabla jua halijapanda, wote wamelala, akapita mlango kwa mlango anagonga. "Amkeni. Mwaka huu tunapumzika hapahapa nyumbani. Amkeni, tupumzike."

Mnacheka tena. Kawatoa watu usingizini ili wapumzike. Walipofika sebuleni walikuta godoro limeshatandikwa, shuka limenyooshwa kama la hospitali. Viazi vilikuwa vimeshachemshwa, na hilo nampa sifa, alivichemsha mwenyewe. Akasema, "Haya, kaeni. Mama Tumpe, utaimba kabla ya chai au baada ya chai?"

Mama Tumpe akafumba macho. Alikuwa mwanamke mvumilivu lakini asubuhi ile uvumilivu ulimwishia. Akasema, "Baba Tumpe, mimi narudi kulala," akaondoka. Bibi akaketi ukingoni mwa godoro, miguu kaikunja. Sekela akala kiazi kwa haraka kama mtu anayewahi shule.

Gwamaka akabaki amesimama katikati ya sebule, mikono imeshuka. Akasema, na sauti yake sasa haikuwa ya kiwandani, "Nimefanya kila kitu mlichosema. Godoro hili hapa. Sinia hii hapa. Nimekosea wapi tena?"

Aliyemjibu ni Tumpe. Alikuwa mtoto wa maneno machache. Akasema, "Baba, mwezi wa kwanza naenda shule. Huko bwenini nikiwakumbuka mama na bibi na Sekela, nitawakumbuka wamekaa. Wewe nitakukumbuka umesimama."

Gwamaka akamtazama mwanawe. Akatazama huku na huku akitafuta mahali. Viti vilikuwepo, lakini viti vilikuwa mbali na wengine, vimewazunguka kama vya wageni rasmi. Mwisho akaketi chini, kwenye mkeka kando ya godoro, mgongo kauegemeza ukutani. Hakujua aweke wapi mikono. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, ameketi nyumbani kwake kama mgeni aliyekuja kuposa.

Kulikuwa na kapu la njegere pale, bado ziko kwenye maganda. Tumpe akalisogeza katikati yao, akaanza kumenya. Gwamaka naye akachukua ganda.

"Tunamenya zote?" akauliza.

"Hata tusipomaliza," akasema Tumpe.

Akamenya. Alikuwa mbovu wa kumenya, njegere nyingine ziliruka zikaenda chini ya kabati, na mara mbili alifungua mdomo kuuliza jambo akaufunga. Mama Tumpe aliamka baadaye sana, akatoka, akamkuta mumewe chini. Akapita kwenda kuweka maji ya chai. Bibi akaanza kusimulia habari ya ng'ombe wao wa zamani aliyekuwa anaingia kanisani. Ilikuwa hadithi ndefu isiyo na faida yoyote. Gwamaka hakumwambia afupishe. Katikati ya hadithi ile akalala, kinywa wazi, ganda la njegere mkononi.

Hakuna aliyewaambia watoto wanyamaze baba amelala. Sekela aliingia kutoka nje na miguu ya matope, akaruka miguu ya baba yake, akaomba chai kwa sauti kubwa. Bibi akaendelea na ng'ombe wake. Na goti lake lilikuwa limenyooka, limelala karibu kabisa na bega la mwanawe.

Hiyo ndiyo likizo waliyoipata. Haikuwa nzuri siku zote, kuna siku Gwamaka alisimama tena na mkewe akamwambia, "Kaa," naye akakaa. Mwezi wa kwanza Tumpe akaenda shule. Desemba iliyofuata aliporudi, wakakubaliana waende ziwani, si mbali, na waliokubaliana ni wote, Sekela akiwemo. Walifika jioni badala ya asubuhi kwa sababu Bibi alitaka kusimama kila penye kivuli, nao wakasimama. Walikaa huko mpaka walipochoka kukaa, wakarudi.

Sasa namwona ndugu yangu mmoja pale nyuma ameshatoa kalamu anaandika, "Ziwani." Mzee, weka kalamu. Hujanisikia. Nimesema maneno yote haya mpaka koo limekauka na wewe umeondoka na ziwa? Kesho utawaamsha watu alfajiri, utawapakia garini, utawapeleka ziwani wakanuniane huko, na mwezi wa kwanza utakuja kuniambia kwamba hata ziwa halifai.

Sikatazi pwani. Ipo familia inayopumzika kwa kutembea, wasipoona mahali pageni wanagombana. Waende. Ipo familia inayopumzika kwa kujaa watu nyumbani, na ipo inayopumzika kwa kufunga mlango. Ipo inayotaka milima, na ipo inayotaka godoro sebuleni na viazi. Mungu hakutuumba kwa kalibu moja kama sabuni. Swali la mahali ni jepesi, watu watano wakizungumza bila hofu watalimaliza kabla chai haijapoa. Lakini sisi tunaruka swali la kwanza, tunakimbilia la pili. Sisi tunauliza, twende wapi? Hatuulizi, wakiwa na mimi, wanaweza kupumzika?

Na msidhani nawasema akina baba peke yao. Wapo akina mama humu, nyumba zao zinang'aa, na mtoto hawezi kukaa kwenye kochi bila kuangalia kwanza kama kitambaa kimejikunja. Wapo wazee wa kanisa, vijana wakiwaona wanakuja barabarani wanabadilisha mazungumzo. Mimi mwenyewe nikiingia kwenye chumba cha kwaya vicheko vinakatika, na wiki hii nimejiuliza kwa nini. Sote tunasema tunawapenda watu wetu, na ni kweli tunawapenda. Lakini upendo ambao hauketi chini unachosha.

Mungu alipoweka siku ya pumziko hakuiweka kwa ajili ya bwana mwenye nyumba tu. Alimtaja na mtumishi, akamtaja na mgeni, akamtaja hata ng'ombe. Ng'ombe apumzike. Na sisi tunakwenda kumwomba Mungu huyohuyo abariki safari zetu, tunapiga magoti, tunataja gari na barabara na dereva, na wakati huohuo ndani ya gari lilelile kuna watu wanaomba kimoyomoyo tuitwe kwenye semina.

Kwa hiyo wiki hii ofisi yangu imefungwa kwa maswali ya likizo. Nimesema. Nendeni mkaulize nyumbani. Mkaulize mkiwa mmeketi, na mkaanze na yule mdogo kuliko wote, maana bado hajajifunza kuwaficha. Na jibu likija, hata likiuma, msitoke kwenda kuosha gari. Kaeni hapohapo.